Saizi ya Sikio la Mama

Watu wa Nkubu hununua earphone kwa kuangalia rangi. Nimeuza vitu vya simu hapa karibu na stendi kwa miaka kumi na mmoja na bado sijachoka kuwagombeza. Mtu anachagua nyekundu, anazisukuma masikioni palepale, zinaanguka, halafu ananiambia ni feki. Si feki. Ni wewe umeacha kwenye ncha kipira cha saizi ya kati kwa sababu ndicho kilichovalishwa kiwandani, na zile jozi nyingine mbili zilizokuwa ndani ya pakiti umezitupa pamoja na karatasi. Kipira ndicho earphone yenyewe. Kikiwa kidogo kinateleza. Kikiwa kikubwa hakiingii, kinakaa mlangoni mwa sikio kama kifuniko cha sufuria nyingine, na sauti inamwagika nje. Besi, ule mdundo wa ngoma, huisikii kabisa, na maneno ya mtu yanakuwa kama nzi ndani ya chupa.

"Vuta sikio juu, lirudishe nyuma," mimi huwaambia. "Haya, tia. Achilia. Unasikia ngoma?"

Kama hasikii ngoma, tunabadilisha. Wala asidhani masikio yake ni mapacha, maana wengi wana moja dogo kuliko lingine. Mteja haondoki kwangu na saizi isiyo yake. Kuna mmoja nilimnyang'anya akiwa ameshafika barabarani.

Nayasema haya mapema ili ujue kwamba nilichomfanyia mama yangu hakikuwa kosa la mtu asiyejua kazi.

Mama aliitwa Kaari, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Kanyakine nzima ilimjua kama Mama Murithi, kwa jina la kaka yangu, kifungua mimba. Mimi ndiye niliyebaki nyumbani. Mimi ndiye niliyemwosha, nikampikia uji, nikampeleka hospitali na kumrudisha, na sijawahi hata siku moja kusikia mtu akisema Mama Kawira. Uchungu huo nimekuwa nao tangu usichana na sioni haja ya kuuficha sasa.

Saratani ya koo ilimpata mwaka juzi. Dawa zilipunguza uvimbe kwa muda, lakini zikamla masikio, na daktari alikuwa ametuonya mapema kwamba zinaweza. Kufikia Januari mwaka huu, ukitaka akusikie ilibidi uweke mdomo sikioni pake na upaze sauti, neno moja moja. Mwezi wa tatu daktari akaniambia nikae naye nyumbani, nimpe dawa ya maumivu, nisimchoshe tena na safari. Nilielewa alichokuwa akiniambia. Kukubali ndiko kulikonishinda.

Sasa nikueleze ugomvi wake na Murithi, kwa sababu ulikuwa ugomvi wa jina. Kwetu, msichana wa kwanza wa mtoto wako wa kiume ni wewe. Hafanani na wewe tu, ni wewe mwenyewe umezaliwa tena, na baba yake atamwita mama mpaka kaburini. Murithi ni karani Embu, na alioa Wambeti, msichana wa hukohuko. Walipopata mtoto wa kike miaka minane iliyopita, mama yake Wambeti alikuwa kitandani anakaribia kukata roho. Murithi akamhurumia, akampa yeye zamu ya jina, mtoto akaitwa Ruguru. Yule bibi alipewa habari Jumatatu, akacheka, na Ijumaa akaaga.

Mama yangu hakucheka. "Zamu yangu amempa mgeni," alisema. "Siku atakaponizaa, aje. Kabla ya hapo asikanyage ua wangu." Murithi alikuja mara mbili kuomba msamaha, na mara zote mbili mama aligeuza kiti akamwonyesha mgongo. Basi akaacha kuja. Wambeti naye akakaa miaka saba bila kushika mimba nyingine.

Jumapili moja mwezi wa nne, nilikuwa nje nachagua maharagwe, mama ameketi kwenye jua na rozari yake mkononi. Simu yangu ikalia. Ilikuwa sauti ya WhatsApp kutoka kwa Murithi, ya dakika nne. Nikaiweka sikioni.

"Kawira, Wambeti amejifungua msichana. Tumemwita Kaari. Tafadhali mwekee mama asikie mwenyewe." Hapo sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtoto. "Mama, umezaliwa. Una nywele nyingi na umelia mpaka nesi akacheka. Nisamehe kwa vile nilikuruka. Sema tu nije, nitakuja siku hiyohiyo, nikuletee ujibebe. Umtemee mtoto baraka. Na usiponiita, nitajua bado umekataa, sitakusumbua tena."

Mwanzoni nilifurahi. Naapa nilifurahi. Kisha nikamtazama mama.

Alikuwa hawezi zaidi ya vijiko sita vya uji kwa siku. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa na mishipa. Kitu pekee kilichokuwa kikimshikilia duniani, nilivyoona mimi, kilikuwa ile kiu yake ya jina. Nilikumbuka mama yake Wambeti, kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa. Na nilikumbuka hadithi yangu mwenyewe, niliyosimuliwa tangu nikiwa mdogo, ya nyanya yangu niliyepewa jina lake. Alikuwa mgonjwa, akaletewa mimi nikiwa na siku mbili, akanitemea mate ya baraka kifuani, na baada ya siku tisa akaenda. "Wewe ndiye uliyemfungulia mlango," shangazi zangu walikuwa wakinitania, na kila mtu alicheka isipokuwa mimi. Kwetu inajulikana kwamba mzee akishazaliwa hana tena cha kungojea.

Kama ningempa mama lile jina, ningekuwa nimemfungulia mlango na yeye.

Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni mbaya zaidi. Nilimwaza Murithi kule Embu na shati lake lililopigwa pasi, ambaye hajawahi kumwaga beseni la matapishi hata moja, anatuma dakika nne za sauti halafu anaitwa mwana. Roho yangu ikakataa.

Mama alikuwa ameiona picha ya Murithi kwenye kioo cha simu. "Huyo ni Murithi," akasema. "Anasemaje?"

Nikainama sikioni pake. "Anakusalimu!"

"Salamu tu?" Akainua rozari. "Nimesali Salamu Maria kumi na nne akiwa bado anaongea. Ni salamu gani hizo?"

"Anasema kazi ni nyingi! Mvua imenyesha Embu!"

Mama hakuwahi kwenda shule, hakujua kusoma, lakini hakuwa mjinga. "Wewe unauza vile vitu vya masikio," akasema. "Kaimenyi ulimfungua, na alikuwa kiziwi kunishinda. Niletee na mimi. Nataka nimsikie mwenyewe."

Mzee Kaimenyi alisaga mahindi ya watu kule Mitunguu miaka thelathini karibu na injini ya dizeli mpaka masikio yakaziba. Nilikuwa nimemtilia vipira vya sponji, vile unavyovibana kwa vidole viwe vyembamba, unavitia haraka, halafu unavishikilia huku vikifura taratibu mpaka vinaziba kila upenyo. Nilipopandisha sauti akasikia misa ya redio, akalia dukani mwangu mbele ya wateja. Mama aliijua hadithi hiyo kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyemsimulia kwa majivuno.

Sikuweza kusema haiwezekani. Kwa hiyo kesho yake nikaleta earphone.

Masikio ya mama yalikuwa madogo, na la kushoto lilikuwa dogo zaidi. Nilijua hilo kabla sijajua kuandika jina langu, nimeyaosha, nimeyapaka mafuta. Alihitaji kipira kidogo kabisa upande wa kushoto, na sponji upande wa kulia. Niliketi nyuma ya kaunta, nikafungua pakiti, nikavitazama vile vipira vyote mezani. Nikavalisha vikubwa vya silikoni, vigumu, vya wanaume wenye masikio kama milango ya ghala.

Mama alikuwa ameoga na kuvaa kitambaa chake cha kanisani. Alikuwa amejitayarisha kumpokea mtu. Nilimtia, vikakaa juujuu, nikabonyeza sauti ya Murithi. Akashika pumzi. Aliyafumba macho, akingoja. Dakika nne zikapita.

"Nasikia nzi," akasema.

"Jaribu tena, mami!"

Tukajaribu tena. Akavikandamiza kwa vidole mpaka akakunja uso kwa maumivu. "Ni nzi tu," akasema polepole. "Kumbe yangu yamekufa kuliko ya Kaimenyi."

Nilikuwa na dawa ya huzuni ile mfukoni mwa aproni yangu, kipira kidogo na kile cha sponji ndani ya karatasi ya nailoni, na sikuitoa.

Tangu siku hiyo alijaribu kila asubuhi. Alimwita Cicily, jirani yetu wa jumuiya ya kanisa ambaye alikuwa akimkalia nikiwa kazini, amsaidie kuvitia. Nilikuwa nimempa mama simu yangu ya zamani yenye ile sauti ndani, nikamwonyesha pa kubonyeza, maana nilijua hakuna kitakachopita. Cicily hakuwahi kuuliza ndani yake kulikuwa na nini. Alidhani ni nyimbo. Siku moja mama alivua kimoja, akakigeuza mbele ya macho yake. "Kawira, hivi si vikubwa?"

"Hapana, mami! Ndiyo saizi yake!"

"Haya. Fundi ni wewe," akasema, akakirudisha.

Neno hilo nilienda nalo mpaka dukani. Lakini alikuwa hai. Kila jioni nilipopanda kutoka Nkubu nikamkuta anapumua, nilijihesabia kwamba nimeshinda siku nyingine. Murithi alituma ujumbe mara mbili kuuliza kama mama amesikia. Mara ya kwanza nilimjibu, "Nimemwekea." Huo haukuwa uongo, na ndiyo maana niliuandika. Mara ya pili sikujibu.

Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, mama hakuziomba earphone. Nilimletea uji akafunga mdomo. Nikamletea tena, akageuka ukutani.

"Kula kidogo, mami!"

"Nile nikingoja nini?" akasema. "Nilidhani mwaka huu atanizaa. Nilimwona ndotoni amebeba kitu. Kama angekuwa amenizaa, angekuja, si kutuma salamu za mvua."

Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nikifanya. Nilikuwa nimemficha mwenye njaa chakula, nikijiambia ni sumu. Lakini hata jioni hiyo sikumwambia. Nilimwogopa. Ningeanzaje kumpigia kelele sikioni kwamba wiki tatu nzima alikuwa amezaliwa na mimi nikajua?

Alhamisi nilifungua duka kama kawaida. Mwalimu mmoja, anaitwa Winfred, akaja akilalamika.

"Hizi earphones zako zinaniuma, Kawira. Na sauti hata haitoki poa. Nirudishie."

"Leta hilo sikio hapa, mwalimu. Si earphone, ni wewe umevaa kiatu cha mumeo." Nikambadilishia kushoto kidogo, kulia cha kati. "Unasikia ngoma?"

"Ai! Kumbe hii wimbo ilikuwanga na ngoma!" Akacheka, akatikisa kichwa, uso wake ukafunguka wote.

Nilimwangalia akicheka, nikamwona mama. Nilifunga duka saa tano asubuhi, wateja wakinishangaa. Nilihakikisha ile karatasi ya nailoni imo mfukoni mwa aproni: kipira kidogo cha kushoto, sponji ya kulia. Njia nzima nilijifunza maneno. Mami, nilikosea saizi. Ningesema hivyo tu. Ningeomba radhi baadaye, akishacheka.

Cicily alikuwa amesimama mlangoni, leso yake ameishika kwa mikono miwili. Nilimpita nikaingia.

Mama alikuwa kitandani, amelala ubavu, kama mtu aliyepumzika kidogo. Waya mweupe ulikuwa bado umetoka masikioni pake. Simu yangu ya zamani ilikuwa kifuani, imeishiwa chaji.

"Aliamka akaniambia nimuwekee hizo vitu mara ya mwisho, pengine leo zitafungua," Cicily alisema, akilia. "Amekaa nazo muda mrefu. Mimi nikadhani anasali. Halafu akasema, 'Cicily, mimi naenda mzimamzima. Hakuna kipande changu kimebaki kwa mtoto yeyote.' Nikamwambia Mungu yuko, Mama Murithi. Lakini hakunisikia, si unajua vile alikuwa."

Nilimvua zile earphone. Vipira vilikuwa safi kabisa. Kama vingekuwa vimeingia walau siku moja, vingekuwa na alama ya nta ya sikio.

Tulimzika Alhamisi iliyofuata, karibu na baba, chini ya mikahawa. Murithi alikuja na Wambeti na Ruguru, na mtoto mchanga akiwa mgongoni amefunikwa shuka la manjano. Watu walimwonea huruma kaka yangu kwa sababu hakulia. Alimwaga udongo wake, akarudi nyuma, akasimama kama mtu aliyefukuzwa harusini.

Jioni, wageni walipoanza kutawanyika, alinifuata chumbani kwa mama. Kitanda kilikuwa kimeondolewa godoro. Earphone zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari chini ya picha ya Bikira Maria, mahali nilipoziweka siku ile na kushindwa kuzigusa tena.

"Aliisikiza yote?" akauliza. "Ile nilituma?"

"Alikuwa anaiweka kila siku," nikasema.

"Na bado hakuniita." Aliangalia chini. "Miaka minane nimekuwa nikisema siku akizaliwa atanisamehe. Sasa nimwambie huyu mtoto nini? Kwamba mama alijua amezaliwa, na akakataa kumtemea hata mate?"

Nilichohitaji kufanya ni kunyamaza tu. Mama alikuwa amekwenda akiamini Murithi amemkataa, Murithi angerudi Embu akiamini mama amemkataa, na mimi ningefungua duka Jumatatu. Nilinyamaza. Sitadanganya hapa, nilinyamaza kabisa.

Murithi alinyoosha mkono akazitoa pale msumarini. "Ni hizi alikuwa anatumia?" Labda alitaka tu kuweka kitu kilichomgusa mama. Akazitia masikioni.

Ziliingia bila kusukumwa, zikakaa.

Wambeti akaja mlangoni na mtoto. "Baba Ruguru, gari iko tayari," akasema. Murithi hakugeuka. "Baba Ruguru!" Hakusikia. Alisimama anauangalia ukuta, na nikaona mabega yake yakitulia, kisha yakikaza. Akavua kimoja. Akakiweka juu ya kidole chake kinene, akakitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mimi nina masikio ya baba," akasema. "Tukiwa watoto ulikuwa ukiniita ndovu."

Nikanyoosha mkono anirudishie.

"Mama alikuwa na masikio kama ya paka, Kawira. Hizi zimenitosha mimi." Sauti yake haikupanda. "Mtu mwingine ningesema amekosea. Wewe huwezi kukosea saizi."

Nikamwambia. Sikupanga maneno vizuri. Nilimwambia juu ya nzi, na Salamu Maria kumi na nne, na nyanya Kawira, na mama yake Wambeti aliyekufa Ijumaa. Nilimwambia nilitaka abaki. Nilimwambia pia juu ya beseni na shati lake la pasi. Nilimwambia alichosema mama kwa Cicily. Wambeti alifunika mdomo kwa mkono. Murithi alikaa kwenye mbao tupu za kitanda, na sasa ndipo alipolia, kwa sauti, kama walivyokuwa wakimngoja alie kaburini.

Niliketi kando yake, nikidhani atanipiga. Ningeshukuru. Badala yake aliinuka, akamfungua mtoto kutoka mgongoni mwa Wambeti, akaja akamweka mapajani pangu.

"Mwambie," akasema.

"Nimwambie nini? Murithi, huyu ni mtoto."

"Ni mama au si mama?"

Kama si mama, basi hakukuwa na mlango wowote wa kufungua, na nilimnyima habari yake bure. Kama ni mama, basi amekaa mapajani pangu, ananingoja.

"Ni mama," nikasema.

"Basi mwambie ulichomfanyia. Huyu anasikia vizuri."

Mtoto alikuwa na nywele nyingi, kweli. Nilimgeuza nikaliona sikio lake la kushoto, dogo kuliko la kulia, dogo hata hakuna saizi ninayouza ambayo ingeingia. Niliweka mdomo karibu kama nilivyozoea, na nilikuwa nimevuta pumzi nipige kelele kabla sijakumbuka kwamba haikuhitajika. Nikaanza na ile Jumapili ya maharagwe, kwa sauti ndogo. Alikuwa akilialia. Akanyamaza, akageuza kichwa upande wangu, akanisikiliza mpaka mwisho.